Vibidia, Mlangoni pa Gavius

Ndugu waombolezaji, na wewe Gavius unayechungulia dirishani, mimi Septicia, wifi wa marehemu, nawasomea maisha yake hapa tulipotua machela, kwa kuwa mwanawe wa pekee amezuiwa ndani ya nyumba hii.

Vibidia alizaliwa mtaa wa Subura, mwezi Machi, mwaka ule mto Tiberi ulipofurika hadi soko la ng'ombe, mtumwa wa Gavius huyu huyu, shule hakuiona, alisomea kwa dobi akikanyaga nguo kwenye mikojo, ndiyo sabuni ya madobi wetu, na ulimi wake ukapata makali humo. Tarehe kumi Juni, akiwa na miaka ishirini na minne, aliachwa huru, mwaka uliofuata akaolewa na kaka yangu Pothus, mchukuzi wa mvinyo, naye ameshatangulia, wakajaliwa binti, Chreste, aliyezaliwa huru, mikono hii ndiyo iliyompokea. Lakini binti alipofika miaka kumi na mitano na kujua kufuma, Gavius akadai alizaliwa kabla ya uhuru, akamchukua.

Vibidia akatuita alfajiri wanawake wa mtaa mzima, tukampigia Gavius, hapa hapa mlangoni pake, zile kelele za matusi tunazoziita convicium, neno ambalo wajuzi husema limetokana na sauti kukusanyika, ingawa wengine wanabisha, ila sisi tunajua kwamba mmoja akitukana ni domo tu, wengi wakipaza pamoja hata paka anaamka. Vibidia akaongoza:

"Mwizi wa watoto, toka! Umejifunika gubigubi, baba, kwani kuna baridi?"

Gavius akashtaki, hakimu akamtia Vibidia hatiani kwa kukusanya watu, akalichafua jina lake, naye akamjibu, "Mheshimiwa, sauti nimekusanya, uongo sikuuokota," hata karani akacheka.

Homa ilimshika katikati ya Agosti, akafariki jana asubuhi, tarehe mbili Septemba, akimwita Chreste. Tunamshukuru tabibu, aliyemlisha kabichi hadi pumzi ya mwisho, majirani waliomgeuza kitandani, na wenzake wa kwa dobi waliomfulia shuka hii nyeupe.

Sasa, Gavius, sheria inakataza tukutukane, haijakataza tulie msiba, na kwa desturi yetu kuni za kumchomea mzazi aliyekufa huwashwa na mtoto wake, kwa hiyo tutalia hapa, sauti zote pamoja, mpaka Chreste atoke, na jua la Septemba unajua linavyomfanya maiti.

Pumzika kwa amani, wifi yangu, sisi hatuna haraka.