Mara Tisa Ameajiriwa

Theluji ilianguka Cleveland taratibu, na basi letu lilikwenda kama limesinzia. Mbele yangu mzee mmoja, kifuani kibandiko chenye jina Delmar, alimwambia mama aliyeketi naye, "Dada, mimi nimeajiriwa mara tisa mwaka huu."

"Tisa! Kwani wanakufukuza kila siku?"

"Wapi! Ni kwenye mafunzo yetu sisi tusio na kazi, kule kanisani. Kila Alhamisi tunaigiza usaili. Mwalimu anajifanya bosi, ananiajiri, wenzangu wanapiga makofi, tunakula keki."

Mimi nina kazi moja tu, sijawahi kupigiwa makofi. Nikamwonea wivu.

"Na leo?" mama akamuuliza.

"Leo ni usaili wa kweli." Akaitazama theluji kama mtu anayeota. "Kituo chenyewe nimeshakipita mara mbili tangu asubuhi."

"Haya, sasa unashuka."

"Nizunguke tena mara moja tu, dada."

"Huzunguki!" Mama akavuta kamba ya kengele. Basi likasimama, mlango ukafunguka, baridi ikaingia.

Delmar akainuka, akampa mama mkono, macho kwa macho, kama alivyofundishwa.

"Nani anashuka?" dereva akauliza.

Mkono wa mama, Delmar alikuwa bado hajauachia.