Waya Aliouomba Mama Paskolina Lamunu (1957–2025)

Mama Paskolina Lamunu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kitgum, binti wa tatu wa marehemu Mzee Abwola, mlinzi wa ghala la pamba.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo, kisha akamaliza sekondari Gulu mwaka 1975. Wenzake walimkumbuka kama msichana aliyeifungua redio mbovu ya shule bila ruhusa, akairudisha ikiimba.

Mwaka 1979 alijiunga na polisi, kitengo cha mawasiliano, hapa Kampala. Kwa miaka thelathini na minane alivuta na kutengeneza nyaya za simu, akastaafu akiwa sajini.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Konstebo Odyek, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009. Walijaliwa watoto wawili, Okwera na Atim. Alipostaafu alihamia kwa Okwera, Bugolobi.

Okwera hufundisha hesabu kwa kompyuta akiwa nyumbani. Mwaka 2023 alitaka mtandao ufike vyumba vya nyuma, akamwita Heritier, fundi wa Kisenyi. Mama aliuchukua waya wa Heritier, akaukwangua kwa kisu cha jikoni. Ndani ukatokea mweupe.

“Baba, hii ni alumini imepakwa shaba,” alimwambia fundi. “Leta shaba tupu. Kipande kimoja, bila kiungo, na kipite kwenye bomba lake, mbali na umeme.”

Heritier, kwa kunaswa hivyo, alicheka mpaka akakaa chini, na hadi leo anakisimulia kisa hicho. Okwera hakucheka. Aliona mama anamchelewesha.

“Mama, hayo ni mambo ya kambi ya polisi. Siku hizi kila kitu kinapita hewani.”

Akanunua vifaa vya waifai. Mama hakulitaja tena jambo hilo.

Novemba 2024 alipatwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito. Kila Jumapili Atim, muuguzi huko Juba, alizungumza naye kwa kompyuta iliyowekwa kando ya kitanda. Kuta za zege za chumba chake cha nyuma zilikuwa nene, na mara nyingi picha iliganda. Jumapili tarehe 2 Februari 2025 Mama alijikaza, akamwita binti yake kwa jina. “Atim, nilitaka nikwambie…” Mtandao ukakatika. Okwera alizima na kuwasha vile vifaa robo saa nzima. Mtandao uliporudi, Mama alikuwa amechoka, amefumba macho.

Kesho yake Okwera alimrudisha Heritier. Walipoanza kutoboa ukuta, alimwinamia mama yake.

“Mama, tunavuta waya.”

“Shaba?”

“Shaba tupu, Mama.”

Hakusema neno jingine. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Februari. Waya ulikuwa umefika mlangoni mwa chumba chake.

Okwera ameomba iandikwe hapa kwamba mama alikuwa sahihi, na kwamba yeye hakumwambia hivyo angali hai. Atim amefika jana kutoka Juba. Ametuuliza sote kama Mama alituachia yale maneno aliyotaka kumwambia. Hakutuachia.

Ameacha watoto hao wawili, wajukuu watano, na dada yake, Mama Kerobina, aliyeketi hapa mbele yetu.

Mungu ampokee mja wake Paskolina, ampe raha ya milele.