Mashine Isiyopiga Kelele

Basi lililotoka Mbeya lilipopita Isongole, abiria wote walikuwa wameshajua kwamba Khalidi, fundi mageti wa Tukuyu, anataka kununua mashine ya haidroliki ya kukunjia vyuma. Nyundo zilimharibia masikio, kwa hiyo kunong'ona hakuwezi. Doreen, mkulima wa chai aliyekaa naye kiti kimoja, hakuwahi kuiona mashine hiyo, akauliza inafanyaje kazi.

"Mafuta yanasukuma, chuma kinakunjika taratibu kama kitenge," alisema Khalidi. "Hakuna kugonga. Mimi masikio yameshakwenda, mama. Namnunulia binti yangu Ikram, ndiye anayeshika nyundo sasa."

"Na kweli haipigi kelele?"

Khalidi alimsogezea sikio. Doreen akarudia kwa sauti.

"Dukani Mbeya waliniwashia leo. Nilisimama karibu kabisa, sikusikia kitu."

Doreen alimtazama kidogo. "Baba, na hili basi unalisikia?"

Khalidi aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha kilichokuwa kikitetemeka. Basi likasimama stendi ya Tukuyu, naye akashuka. Doreen alibaki kitini, akitamani kurudi Mbeya akaisikilize mashine ile mwenyewe.