Mdomo Ulioshindwa Kumtetea Mke Mwenzangu

Akina mama, mkisikia nasema kwa shida kidogo, nivumilieni. Baridi hii ya Julai bado inanishika shavu. Lakini leo nitasema mpaka nimalize.

Miaka ya themanini nilikuwa mke wa pili, boma letu nje kidogo ya Kitale. Asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya kung'ata masikio, nilitoka kukamua ng'ombe nikiwa mzima. Niliporudi kunywa chai, ikamwagika kifuani. Nikacheka, nikidhani ni haraka zangu. Mke mkubwa akaniangalia, akaweka kikombe chake chini.

"Dada, mdomo wako umeenda wapi?"

Ulikuwa umehamia kushoto. Jicho la kulia lilikataa kufumba.

Huyo mama ndiye alinitunza. Alinilisha uji kwa kijiko, akanifunika jicho kwa kitambaa safi vumbi lisiingie. Lakini shemeji yangu, ndugu ya bwana yetu, alikuwa ameshaamua: ati ni wivu, ati mke mkubwa amenifanyia kitu. Wazee wakaitwa. Si mnajua vile watu wengine huja kikaoni hukumu ikiwa tayari?

Nikasimama kumtetea. Maneno yakatoka na mate. Nikisema hajanifanyia kitu, shemeji anaruka: "Mnaona? Ndiye anamsemesha!" Nikinyamaza: "Mnaona? Anamwogopa!" Sasa mimi ningefanya nini, bana? Nililia, jicho moja limefumba, lingine linawatazama tu. Bwana yetu aliinamisha kichwa. Siku hiyo hiyo mke mwenzangu alifunga nguo zake akarudi kwao Matulo. Kile kitambaa aliniachia.

Hospitalini daktari aliniambia mshipa wa uso umelegea, wengi hupona polepole. Akasema wakati wa baridi wanaona wagonjwa wa namna hii zaidi, lakini chanzo chenyewe hawakijui vizuri. Nikapeleka maneno hayo nyumbani. Shemeji akasema daktari hajui mambo ya kwetu. Kufikia kuvuna mahindi mdomo ulikuwa umerudi karibu wote, na hakuna aliyetaka kuusikia.

Halafu Julai nyingine ikafika. Shemeji akaamka, chai ikamwagika.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, sikufurahi. Nilimfunga jicho kwa kitambaa kile kile. Akaniuliza na ule mdomo wa pembeni, "Shemeji, na mimi nani amenifanya?" Nilikaza fundo la kitambaa. Mke mkubwa alikuwa Matulo mwaka mzima, na shemeji alijua hilo.

Mimi na bwana yetu tukaenda Matulo kumchukua mke mkubwa. Akanishika shavu, akasema, "Hebu cheka nione." Nikacheka huku nalia. Lakini kurudi alikataa. "Nikirudi, na baridi ije tena, mwingine apinde mdomo, nitakimbilia wapi?"

Tukarudi bila yeye.

Shemeji alipopata habari hiyo, alienda mwenyewe, hajapona, kuomba msamaha. Nilimsindikiza. Alisema kwa shida sana, mate yakimtoka, anajipangusa na kuanza upya.

Nawashukuru nyinyi mlionikaribisha katika kikundi hiki. Na namshukuru yule aliyenilisha uji; amekaa hapa kati yenu na amenikataza kumtaja jina. Mtu wenu akiugua, mpelekeni hospitali kabla hamjatafuta wa kulaumu. Na akijaribu kusema, mngojeni. Siku ile kule Matulo, mke mwenzangu alivuta kiti, akamsikiliza shemeji mpaka neno la mwisho.