Mama Rivasi Hakuiangusha Boti Ile

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama aliyetutoka wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Watu wa pwani walimwita Mama Rivasi. Aliendesha malori miaka ishirini. Alipostaafu, akahamia kwenye mteremko wa umma, ule wa zege ambao kila mtu anashushia boti yake baharini.

Kazi yake ilikuwa moja tu, kurudisha trela nyuma, yaani kupiga rivasi. Asiyewahi kujaribu atadhani ni mchezo. Ukikata usukani kulia, trela inakwenda kushoto. Nyuma yako foleni inapiga honi, na kule chini zege lina utelezi. Mama Rivasi aliingia kwenye gari la mtu, akarudi nyuma mara moja, boti ikaelea. Kisha alilipeleka gari na trela yake maegeshoni asizibe njia, akarudi na ufunguo mkononi. Mara moja, wasikilizaji. Hakuwa mtu wa kurudiarudia.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la fundi cherehani. Huyo ndiye mumewe. Akiwa kwenye cherehani aliuona mteremko wote, na roho ilimuuma kila siku. Hakuogopa kuibiwa mke. Kilichomchoma ni jinsi mkewe alivyohitajiwa. Wanaume wazima, wenye boti za kifahari, wanamwita, "Mama, njoo utuokoe." Yeye fundi hakuna aliyewahi kumwita hivyo, labda zipu ikiharibika.

Binti yao anakumbuka: "Mama akicheka na mteja kule, huku sindano inavunjika. Tulikuwa tunanunua sindano kwa pakiti."

Jioni mezani mama akisimulia ya mchana, fundi alijibu, "Kurudi nyuma tu, hata kaa anaweza."

"Kaa anakwenda upande, baba watoto," mama alimwambia. "Na wewe ungekwenda hivyohivyo."

Watoto walicheka. Fundi akacheka pia.

Jumamosi moja, miaka kumi na moja iliyopita, daktari wa meno alikuja na boti mpya. Mama Rivasi alikuwa maegeshoni na trela ya mtu mwingine. Daktari akamwachia fundi ufunguo ampe mkewe, akaenda kununua mafuta. Fundi akautazama ule ufunguo, akaweka mkasi chini. Leo watamtambua.

Kupitia dirishani alikuwa ameona kwamba watu huandaa boti juu ya mteremko kabla ya kushuka, wasiwacheleweshe wenzao. Wanafungua mikanda. Akafungua mikanda. Kisha akafungua na waya wa winchi, kile kifaa cha kuvutia boti kwenye trela. Hapo ndipo alipokosea, wasikilizaji. Ule waya ndio unaoishika boti mpaka ifike majini, haufunguliwi juu. Kutoka dukani hilo halikuonekana.

Akaingia garini, akaanza kurudi nyuma, na cha ajabu, trela ilinyooka. Fundi akatupa jicho kwenye kioo kuona nani anamtazama. Akafunga breki. Boti ikateleza, ikaangukia kwenye zege kavu, ikapasuka tumbo.

Mama Rivasi alifika mbio. Akauona waya. Akamwona mumewe, na uso wake. Akauchukua ufunguo mkononi mwa fundi. Daktari aliporudi na kuuliza ni nani, mama akasema, "Ni mimi. Nilisahau winchi."

Msimamizi wa mteremko akamkataza kugusa boti za watu tangu siku ile. Hakugusa tena.

Fundi anakiri kwamba mwezi wa kwanza alifurahi. Mke alikuwa dukani, akishona vifungo pembeni yake. Lakini kiti chake mama alikiweka dirishani. Macho yalikuwa ng'ambo ya barabara, na fundi akaanza kulionea wivu dirisha. Mwaka ukapita, na mwingine. Kila siku fundi alitaka kusema ukweli, na kila siku alikata uzi akaanza nguo nyingine.

Juzi, mazikoni, alimsikia mtu wa boti akisema, "Alikuwa hodari, isipokuwa ile boti ya daktari." Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni petu. Akaomba habari hii isomwe saa hii, watu wakiwa kwenye foleni ya kushusha boti na redio za magari zimewashwa. Basi nyinyi mlioko pale, sikieni. Mama Rivasi hakuiangusha boti ile. Winchi ilifunguliwa na mumewe.

Tunawapa pole binti, wajukuu na jamaa wote. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, kama yupo mtu nyumbani kwako anayebeba lawama yako, geuka umtazame.

Nilitaka kumalizia kwa kusema kwamba mama alimsamehe. Fundi akanizuia. "Usiseme hivyo," aliniambia. "Sikuwahi kumwomba."