Hakuna Pepo Kwenye Landrova ya Baba

Bwana asifiwe! Hapana, msinipigie makofi bado. Mkinipigia makofi saa hii nitakasirika, na mnanijua nikikasirika. Mimi ni Ndinda, fundi wa magari, gereji yangu iko Kawangware, nyuma ya yale maduka ya hardware ukitoka steji ya 56. Wengine hapa mnaniita Mama Spana, mnadhani sisikii. Leo nimesimama kushuhudia vile Mungu alinitoa kwenye kifungo, na kifungo chenyewe si pombe wala uchawi. Ni mdomo wangu na kichwa changu kigumu.

Ndugu zangu, mama yangu anaishi Kitui, juu kilimani, mahali mvua ikinyesha hata bodaboda inakataa kwenda. Alianguka akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Daktari akasema arudi hospitali kila wiki kunyooshwa mguu, asikose, la sivyo utakaa umepinda hivyo hivyo maisha yake yote. Na msimu wa mvua ulikuwa karibu.

Marehemu baba alituachia landrova ya zamani. Bodi nzima kabisa, lakini injini ilikuwa imechoka ikafa. Nikasema hiyo ndiyo itambeba Mama. Nikaivuta mpaka Kawangware. Mpango wangu ulikuwa nitoe injini, giabox na transfa, kile kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, niweke vya pickup ya Kijapani ya dizeli. Nilichora kila kitu kwenye katoni nikaibandika ukutani. Nilikuwa naiangalia hiyo katoni nikijisifu.

Halafu nikaingiza vile vitu ndani, nikaona aibu. Transfa ya pickup inatoa propela ya mbele, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwa magurudumu, upande wa kushoto. Difu ya gari la baba, lile bonge la gia kwenye akseli linalopokea propela, iko kulia. Sikuwa nimepima! Mimi, na miaka yote niliyokaa chini ya magari! Nikawafikiria mafundi wa pale, wanaume ambao wamengoja nianguke tangu siku nilipovaa ovaroli, nikajua watanicheka mpaka Krismasi. Kwa hivyo nikanyamaza. Nikaipindua akseli ya mbele, juu ikawa chini, difu ikahamia kushoto, propela ikaingia vizuri. Nikajiona mjanja.

Akaja Odhiambo kunichomelea vishikio vya injini. Odhiambo mnamjua, ndiye anatengeneza milango na madirisha kule Kibera, karibu na Soko la Toi. Akainama, akachungulia chini, akasema, "Sista, hii akseli umepindua. Zungusha propela na mkono uone tairi inaenda wapi. Ni dakika moja tu."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia arudi akachomelee milango ya vyoo. Nilimwambia hajawahi kumiliki hata wilbaro. Nikamrushia spana, ikampita karibu na sikio, mbele ya watu! Akabeba mashine yake akaenda, na mimi nikaendelea kuutukana mgongo wake mpaka akapotea.

Na nyinyi! Ndiyo, nyinyi, msiangalie viatu. Siku injini iliwaka mlikuja gereji kuliwekea gari mikono, kama tunavyofanya kwa kila kitu kipya. Mkapaka bonneti mafuta, mkaimba, mkakemea ajali. Nikazunguka 56 nikipiga honi, wamama wa mboga wakinipungia leso. Kuna mtu aliuliza kama four-wheel, ile ya kusukuma magurudumu yote manne, imejaribiwa? Hakuna! Hata mimi sikuijaribu. Ningeijaribu ya nini na gari limeshaombewa? Kwenye lami lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, likaenda mpaka Kitui bila shida yoyote.

Mvua ikaanza wiki hiyo hiyo. Tukamkalisha Mama kiti cha mbele na mito kila upande. Kilima tulishuka salama, lakini bondeni kulikuwa na tope, na upande wa pili ni mwinuko. Nikaingiza four-wheel. Ndugu zangu, magurudumu ya nyuma yakasukuma kwenda mbele, ya mbele yakavuta kurudi nyuma! Gari likatetemeka pale pale, likalia, halafu kitu kikapasuka chini ya miguu yetu, paa! Transfa ikagawanyika vipande. Mama akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia akipiga.

Majirani wakambeba kwa kiti cha plastiki, wakiteleza kwenye tope, wakamrudisha nyumbani. Si hospitali, nyumbani! Akanitazama kutoka kwa kile kiti, mvua inamchuruzika usoni, akaniuliza kwa upole, "Ndinda, mwanangu, ulikuwa umelijaribu?" Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya mama yangu, na msimu wote wa mvua hakufika hospitali hata mara moja.

Nikalivuta gari kurudi Kawangware, nikaliinua juu ya stendi. Hapo ndipo akaingia mtumishi wa Mungu mmoja mgeni, si mchungaji wetu, akasema ameonyeshwa: roho ya baba yangu ndiyo imelishika gari, haikutaka chuma cha kigeni. Na mimi nikafurahi! Sikieni vizuri hapo. Nilifurahi, kwa sababu kama ni pepo, basi si mimi. Nusu ya hili kanisa ikaja na ngoma. Mtumishi akaniambia niingie chini ya gari, nishike chuma, nimkane baba yangu.

Nikaingia. Nikashika propela ya nyuma, ikazunguka mkononi, tairi ya nyuma ikaenda mbele. Nikashika ya mbele, nikaizungusha upande ule ule. Tairi ya mbele ikarudi nyuma. Haikufika hata dakika!

Huko juu mnapiga kelele, "Toka! Toka!" Na mimi niko chini nalia, nimejaa grisi mpaka machoni. Baba yangu, mtu aliyekuwa akipima oili kila asubuhi kabla ya chai, anaitwa pepo ili mimi nisione aibu! Hasira iliyonipanda siku hiyo ilikuwa ya Mungu kabisa. Nikatoka nikawashinda wote kwa sauti: "Hakuna pepo hapa! Ni mimi! Niliipindua akseli, nikaambiwa, nikakataa!" Mtumishi akasema hilo ndilo pepo linaongea. Nikamwonyesha lango.

Nikatembea kwa miguu mpaka Toi na ovaroli yangu chafu. Odhiambo alikuwa anachomelea dirisha. Nikamwambia mbele ya wateja wake, "Nilikukosea. Nisamehe." Hakunikumbatia. Alimaliza kuchomelea, akavua miwani, akaniuliza, "Ulizungusha?"

Nikamwambia nimezungusha.

"Sawa. Ngoja nichukue tepu tukapime."

Tukapima kila kitu, Bwana asifiwe! Akseli tukairudisha vile kiwanda kiliiweka. Transfa ya zamani ya baba, inayotoa propela kulia, tukaifufua, fundi wa mashine akatukatia bamba la kuiunganisha na giabox mpya. Halafu tukaijaribu four-wheel kwenye tope la mtoni, Odhiambo kwenye usukani, mimi natembea kando nimeinama nikiangalia tairi. Zote nne zikaenda upande mmoja. Nililia tena.

Mama ameketi pale nyuma, karibu na mlango. Jana nilimtoa Kitui na hilo gari, mvua ikinyesha, na tulipanda ule mwinuko bila kusimama. Mama, usisimame, kaa tu. Mnauona huo mkongojo? Daktari anasema ataushika mpaka mwisho, mguu ulishakakamaa. Mtu asiniambie hiyo ni kazi ya shetani. Hiyo ni kazi ya Ndinda, nimemwambia Mama hivyo kwa mdomo wangu, akanisamehe, na mimi bado nimekasirika.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenifungua macho nikiwa chini ya gari. Mtumainieni, anasamehe kweli. Lakini kama kuna mtu ulimfukuza kwa sababu alikuambia ukweli, usimalize wimbo unaofuata hapa. Toka, mlango ni ule, mama yangu atakupisha. Nenda umtafute kabla mvua haijanyesha tena.