Mama Ratiba na Viti Sitini vya Baraza

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi hapa chuoni, Mama Ratiba anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye faili. Sisi wengine tulishalisahau, na hata mumewe akipiga simu ofisini humuulizia kwa hili la Mama Ratiba.

Alianza kama karani wa stoo, akigawa balbu na sabuni kwa mkono wa birika. Miaka kumi na tisa iliyopita akakabidhiwa ajira za likizo: shule zikifungwa, chuo hupokea vijana arobaini wa mjini, ambao hufanya kazi wiki sita na kulipwa. Kanuni yake ni moja: kijana hapelekwi anakotaka. Mwenye haya huwekwa mapokezi. Msemaji huenda maktaba, ambako mkutubi hulalamika kila siku, kisha likizo ikiisha huomba aletewe huyohuyo mwakani.

Habari ya viti hatuwezi kuiruka. Katika mwaka wake wa nne wa kuzisimamia ajira hizo, Baraza la Chuo lilitaka kuzifuta. Profesa mmoja wa sheria alishikilia kwamba vijana ni kelele tupu, na wengi walikuwa upande wake. Mama Ratiba alikosa usingizi wiki nzima. Siku mbili kabla ya kikao akawatuma vijana wapige vanishi viti vyote sitini vya ukumbini, wajumbe wajionee kazi. Viti vikang'aa. Ila bidii ilizidi, vikaongezwa mkono wa pili wa vanishi asubuhi ya kikao chenyewe.

Wajumbe waliketi, wakasifu, wakajadili saa mbili. Kwa desturi ya Baraza, anayeunga mkono hoja husimama. Mwenyekiti akawaomba wanaotaka ajira zifutwe wasimame. Kila mmoja alihisi nguo imeng'ang'ania kiti, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Profesa alijaribu, kiti kikainuka naye, akaketi tena. Hoja ikaanguka kwa kukosa hata mtu mmoja.

Alasiri hiyo Mama Ratiba alimpelekea Makamu Mkuu wa Chuo barua ya kujiuzulu, akieleza kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Makamu alimjibu kwamba uamuzi wa Baraza haurudi nyuma, akairarua barua, kisha akamwomba mafuta ya taa ya kusafishia suruali.

Barua ile haikusema kweli. Mkono wa pili ulikuwa wazo langu. Nilikuwa mmoja wa vijana wale, mwenye miaka kumi na sita, nilitaka sana kusifiwa, na sikumuuliza mtu. Mama alijua siku ileile, na mpaka leo hajamtajia mtu yeyote. Najitaja mwenyewe hapa, kwa aibu na kwa shukrani.

Jumatatu wanafika arobaini wengine, na kuwapokea ni zamu yangu. Naogopa kweli. Asante kwa kila kitu, Mama. Kapumzike, uamke saa unayotaka, na maisha yako yawe mema kama ulivyoyafanya ya kwetu.